Nilivyowafunza walimu wenzangu kuanza na mtoto mmoja

Semina za elimu mjumuisho, yaani watoto wenye ulemavu au mahitaji maalum kusoma darasa moja na wenzao, nilishakaa nyingi kabla sijapewa kazi ya kuziendesha. Nyingi zilikuwa za mgeni rasmi kufungua, kusomewa Tamko la Salamanca la 1994, lile la kimataifa kuhusu elimu hiyo, na Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006, kula, kutia saini ya posho, kila mtu kwao. Sera sina ugomvi nayo. Lakini anayesomesha darasa la pili, watoto wamebanana mpaka dirishani, anataka kujua kesho saa mbili asubuhi afanye nini na yule wa nyuma asiyejibu.

Kwa hivyo nilipopangiwa kuwafunza walimu wenzangu katika Kituo cha Walimu Mitiulaya, hapa Wete, Pemba, niliwaomba kila mmoja achague mtoto mmoja wa darasani kwake anayemshinda, aje na madaftari yake. Jina la mtoto libaki skuli.

Nikawapa karatasi waandike anachokiweza mtoto huyo. Wakajaza asichokiweza: hasomi, haandiki, hatulii, anatoka nje ovyo. Maalim mmoja, mtu mzima kwangu, akasema, "Mwanangu, huyu wangu hana anachokiweza. Mamaake anamleta tu." Nikamuuliza kurudi nyumbani anarudi na nani. Peke yake. Dukani je, hutumwa? Hutumwa, na chenji huleta. "Sasa chenji si hesabu, maalim?" Akacheka, kalamu akaichukua.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Tulikaa asubuhi nzima na habari ya mtoto yule wa chenji, ingawa ratiba ilitaka tuwe tumeshafika mbali. Walimu wakakata chelewa, zile njiti za makuti, wakazifunga kumi kumi. Wenzake wakijumlisha mamia ubaoni, yeye atajumlisha makumi kwa mafungu yake, kipindi kile kile, na jirani yake wa dawati atamsikiliza akihesabu. Nililikataa moja tu: kumpa karatasi achore wakati wenzake wanasoma. Hilo walimu wengi hulifanya kwa huruma, na huyo mtoto humaliza darasa la sita anajua kuchora nyumba tu.

Madaftari nayo yalisema mengi kuliko mihadhara yangu. Mwalimu mmoja alikuja na daftari la mwanafunzi aliyemwita mvivu. Imla imejaa makosa. Kazi ya kunakili ubaoni haina kosa hata moja. Daftari likazunguka meza nzima, mpaka mwenyewe akasema polepole, "Huyu hanisikii." Tukakubaliana mzazi aitwe, mtoto akaangaliwe masikio hospitali, na mwalimu naye abadilishe mambo yake. Asizungumze huku ameupa ubao uso. Asisimame dirisha likiwa nyuma yake, maana mwanga ukitoka mgongoni uso unakuwa giza na midomo haionekani. Mtoto akae mbele, upande wa sikio linalosikia vizuri.

Wenye uoni hafifu hawakutuchukua muda: herufi kubwa, ubao uliopigwa rangi vizuri, na mwalimu kukisoma kwa sauti kila anachokiandika.

Baada ya semina nikaanza kuwafuata madarasani, na huko nikakutana na jambo ambalo hakuna kijitabu cha mafunzo kilichoniambia. Skuli zenye mikondo miwili, watoto wengine asubuhi na wengine mchana, wale wa mchana wanayapanga upya madawati, na asubuhi mtoto anakuta nafasi yake ya mbele imehama. Dawa yake ilikuwa ndogo: alama ya rangi sakafuni, na walimu wa mikondo yote miwili kuambiwa ni ya nini.

Mtoto kiziwi kabisa ni habari nyingine. Anahitaji mwalimu anayeijua lugha ya alama, na lugha haifunzwi kwa siku tatu. Nukta nundu, maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole, vivyo hivyo. Anayewaambia walimu kwamba semina moja inatosha anawadanganya, na mie niliwaambia wazi: kwa watoto hao kiandikieni Kitengo cha Elimu Mjumuisho na Stadi za Maisha cha Wizara ya Elimu, barua ipitie kwa mwalimu mkuu, nakala mbaki nayo.

Skulini kwetu sasa tunakaa kila Alhamisi mkondo wa asubuhi ukishatoka, nusu saa tu, bila posho. Kila mara anazungumzwa mtoto mmoja, na mwenye mtoto ndiye anayekuja na daftari.