Mwanamke Mwenye Ufunguo: Miaka Minne na Riwaya Yangu ya Kwanza

Riwaya yangu ya kwanza ilianzia kwenye ngazi za jengo la ghorofa, jioni moja ambayo sikuwa nikiwaza habari ya uandishi hata kidogo. Nilikuwa natoka kumtembelea rafiki, na nilipofika ghorofa ya pili nikamkuta mwanamke wa makamo amesimama mbele ya mlango uliofungwa, ameshika ufunguo. Aliuinua mpaka karibu na tundu la kitasa, akasita, akaushusha. Akauinua tena, akaushusha tena. Mara ya tatu aliukumbatia ndani ya kiganja, akautia mkobani, akanipita na kushuka ngazi taratibu kama mtu asiye na pa kuwahi. Hakunitazama, wala sijapata kumwona tena tangu siku hiyo.

Usiku ule niliandika kurasa sita bila kunyanyuka kitini. Kwa muda wa wiki tatu sikuhitaji mtu wa kunihimiza, kwani nilikuwa nikiamka na sentensi kichwani na kulala nikiwa bado nazipanga, na kurasa zikafika 40. Niliamini kwamba hivyo ndivyo riwaya zinavyoandikwa. Kisha, katikati ya sura ya nne, kalamu ikagoma. Wahenga wamesema kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni, nami ukingo wangu ulikuwa pale: nilikuwa na mwanamke, mlango na ufunguo, na kila nilichoweza kusema kuhusu vitu hivyo vitatu nilikuwa nimekwisha kukisema.

Miezi mitano iliyofuata sikuandika neno. Nilijiambia kwamba nafanya utafiti, na kweli nilisoma mengi, lakini nikisema ukweli ni kwamba nilikuwa nasubiri. Nilikuwa nimelishika neno ilhamu kwa maana yake ya zamani, yaani jambo linalotiwa moyoni mwa mtu kutoka nje yake, na kwa kuwa lilikuwa limenijia mara moja kwenye zile ngazi, nilidhani wajibu wangu ni kukaa tayari mpaka lije tena. Nilirudi hata kwenye jengo lile, nikapanda na kushuka ngazi zile zile saa ile ile ya jioni, na mlango ulikuwa mlango tu.

Kilichonitoa pale ni neno jingine, nalo ni neno ambalo nimelitumia tangu utotoni bila kulitazama vizuri. Tunasema mtu ametunga riwaya, ametunga shairi. Lakini pia tunasema mtu anatunga shanga, yaani anapitisha uzi katika tundu la ushanga mmoja, kisha wa pili, kisha wa tatu, akiwa ameinamisha shingo na kukaza macho, na tunasema mimba imetunga, jambo ambalo hutokea gizani, bila mtu kulishuhudia na bila kuamrishwa na saa ya ukutani. Sidai kwamba nilivumbua kitu, kwa maana lugha ilikuwa imeliweka wazi siku zote. Ila niliona kwamba mimi nilikuwa nikiingoja mimba tu na kuzikimbia shanga, ilhali kitenzi ni kimoja, na huenda kazi nayo ni moja.

Basi nikajiwekea kipimo. Maneno 300 kwa siku, siku tano kwa wiki. Ukipiga hesabu, hayo ni maneno 1,500 kwa wiki, na katika wiki 50 ni maneno 75,000, ambao ni urefu wa riwaya ya kawaida. Hesabu hiyo ilinipa nguvu kuliko hotuba yoyote ya kutia moyo niliyowahi kuisikia, kwa sababu ilikuwa inawezekana hata siku ambayo nimechoka. Maneno 300 ni ukurasa mmoja. Ukurasa mmoja unaweza kuandikwa kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa kumi na mbili, kabla nyumba haijaamka na kabla kazi inayonilipa haijanidai.

Nilijifunza baadaye kwamba sikuwa wa kwanza kuutafuta wakati huo wa siku. Anthony Trollope, mtunzi wa Uingereza wa karne ya 19 aliyekuwa mtumishi wa posta kwa miaka zaidi ya 30, anaeleza katika tawasifu yake iliyochapishwa mwaka 1883 kwamba alikuwa mezani saa kumi na moja na nusu alfajiri, ameweka saa mbele yake, akijidai maneno 250 kwa kila robo saa. Wapo wahakiki waliomdharau baada ya kusoma maneno hayo, kana kwamba hesabu inaua sanaa. Mimi namheshimu, ingawa kasi yake siiwezi na sikuijaribu zaidi ya siku mbili. Aliye karibu zaidi na moyo wangu ni Toni Morrison, mtunzi wa Marekani aliyeandika riwaya yake ya kwanza akiwa na ajira na akilea watoto wawili wa kiume peke yake, akiamka kabla ya mapambazuko. Riwaya hiyo ilianza kama hadithi fupi, na ilipotoka mwaka 1970 yeye alikuwa na umri wa miaka 39. Nilikuwa nimejiona nimechelewa. Baada ya kusoma habari zake niliacha kuhesabu umri, nikahesabu kurasa.

Siwezi kusema kwamba kurasa hizo zilikuwa nzuri. Nyingi zilikuwa kavu, nyingine zilirudia yaliyokwisha kusemwa. Mhusika wangu mkuu nilikuwa nimempa jina la Zubeda, na sentensi ya kwanza niliyomwandikia ilisomeka hivi: "Zubeda alisimama mbele ya mlango kwa huzuni kubwa, moyo wake ukimdunda kwa uchungu wa miaka mingi." Niliisoma asubuhi kadhaa nikihisi kwamba kuna kasoro, nisijue ni ipi. Leo naiona: sentensi ile inamweleza msomaji namna ya kuhisi kabla haijamwonyesha lolote. Ilikuwa vile kwa sababu mimi mwenyewe sikujua kwa nini Zubeda hafungui mlango. Nilikuwa nimeamua mapema mno kwamba ndani kuna kumbukumbu za marehemu mumewe, na jibu hilo, kwa kuwa ni jepesi, lilikuwa limeifunga hadithi kabla haijatembea.

Jambo moja lililonisaidia katika siku zile kavu ni hili: kila nilipomaliza ukurasa nilipiga mstari chini yake, na chini ya mstari nikaandika swali moja la kesho. Si mpango wa sura, wala si muhtasari. Swali tu. Kwa nini hakubisha hodi? Nani mwingine ana ufunguo? Ngazi zina taa au hazina? Asubuhi sikukaa mbele ya karatasi tupu, nilikaa mbele ya mtu aliyeniuliza jambo, na ni vigumu kumnyamazia anayekuuliza. Daftari la kwanza lina maswali 112 ya namna hiyo. Mengi hayana majibu katika riwaya, na sijutii hata moja.

Ilikuwa katika sura ya saba, mwezi wa tisa tangu nianze kipimo changu, asubuhi ambayo sikuwa na hamu ya kuandika chochote. Nilikuwa nimefika mahali ambapo Rehema, mdogo wake Zubeda, amebaki peke yake katika nyumba ya mama yao baada ya mazishi. Sikujua afanye nini. Ili maneno 300 yatimie, nikaamua kumwitia fundi na kuorodhesha alivyotengeneza: bomba la jikoni lililokuwa likivuja, kioo cha dirisha la sebuleni, kitasa cha mlango wa mbele. Nikaendelea mpaka sentensi iliyofuata, kisha mkono ukasimama wenyewe. Nikarudi nyuma nikasoma tena. Kitasa cha mlango wa mbele.

Rehema alikuwa amebadilisha kitasa. Ufunguo ulioko mkononi mwa Zubeda ulikuwa wa zamani, na Zubeda alikuwa amesikia, au amehisi, kwamba hautafungua tena. Ndiyo maana aliuinua mara mbili na kuushusha mara mbili: kwa muda ambao hajaujaribu, bado ni mtoto wa nyumba ile. Akiujaribu ukakataa, atakuwa mgeni. Nilikaa pale mezani machozi yakinitoka, si kwa huzuni, bali kwa sababu swali nililolibeba tangu kwenye zile ngazi lilikuwa limejibiwa na orodha ya matengenezo ambayo niliiandika kwa kusudi la kujaza ukurasa. Asubuhi iliyofuata niliifuta sentensi ile ya huzuni kubwa na moyo unaodunda. Mahali pake nikaandika: "Aliuinua ufunguo, akaona kwamba kitasa kinang'aa." Ni maneno sita tu baada ya jina kuondolewa na huzuni yote kuondolewa, na kila ninapoisoma, pale ndipo koo linaponikaba.

Tangu siku hiyo nimeacha kuitenganisha ilhamu na ustahimilivu kana kwamba ni wageni wawili wanaopishana mlangoni. Picha ya ngazini ilinipa swali, na swali peke yake halikuwa riwaya. Jibu lilikuwa ndani ya kazi yenyewe, tena ndani ya sehemu ya kazi niliyoidharau, na kama ningekosa kukaa kitini asubuhi ile isiyo na hamu, fundi asingeitwa na kitasa kisingebadilishwa. Wapo wanaoshauri kwamba mtu asiandike mpaka aguswe. Ushauri huo huenda unamfaa mshairi wa beti chache. Kwa riwaya naona una madhara, kwa kuwa riwaya ni ndefu kuliko hisia yoyote ya binadamu.

Haikuwa njia iliyonyooka baada ya hapo. Nikiwa nimemaliza sura ya 12, kompyuta yangu ilizimika na haikuwaka tena, na sura mbili za mwisho zilikuwa humo peke yake. Nilikuwa nimesoma kisa cha Chinua Achebe, ambaye mwaka 1957 alituma nakala pekee ya mswada wake wa kwanza, ulioandikwa kwa mkono, kwa wapiga taipu wa London, wakakaa kimya kwa miezi mingi baada ya kulipwa, mpaka mwenzake wa kazini aliyekuwa akisafiri kwenda huko alipokwenda kuwauliza ana kwa ana. Kitabu kikatoka mwaka 1958. Nilikuwa nakijua kisa hicho na bado sikuweka nakala ya pili. Nilikaa siku kumi bila kugusa daftari, kisha nikaandika sura zile upya kwa kukumbuka. Zilitoka fupi kwa theluthi moja, na kwa sehemu kubwa zilikuwa bora, kwa sababu nilichoshindwa kukikumbuka kilikuwa hakina uzito. Hata hivyo kulikuwa na aya moja kuhusu mikono ya mama yao akikunja shuka, na aya hiyo haijarudi. Ninayo mikono, ninayo shuka, lakini mpangilio wa maneno umepotea, na mpaka leo huwa najaribu kuutafuta. Sasa kila Ijumaa naweka nakala mahali patatu.

Rasimu ya kwanza ilichukua miaka miwili na miezi minne. Ya pili ilichukua mwaka mmoja, na sina mengi ya kuieleza, kwani ilikuwa ni kufuta: sura tatu nzima ziliondoka, pamoja na mjomba niliyempenda ambaye hakuwa na kazi katika hadithi. Ya tatu niliimaliza mwezi uliopita, nikaichapisha kwenye karatasi, kurasa 268, nikampelekea dada yangu. Nilimchagua yeye kwa sababu husoma polepole na hajui kusifu kwa adabu, na kwa sababu riwaya inahusu madada wawili, nami niliona si haki aione mtu mwingine kabla yake.

Alikaa nayo siku 16. Aliponipigia simu hakuanza na salamu ndefu kama kawaida yake.

"Mdogo wangu," akasema, "hivi ufunguo umeupeleka wapi?"

Sikumwelewa. Akanisomea. Ukurasa wa 180 Zubeda anautia mkobani. Ukurasa wa 214 mkoba unaibwa kituo cha basi, na Zubeda anafika kwa mdogo wake mikono mitupu. Ukurasa wa 231 anauweka ufunguo juu ya meza, mbele ya Rehema, na wote wawili wanautazama.

"Umeniliza hapo mezani, dada," akasema, maana akiguswa huniita dada ingawa mimi ndiye mdogo, "lakini ulikwisha kuibwa."

Nilikuwa nimezisoma kurasa hizo mara zisizopungua ishirini. Kitu kilichoianzisha riwaya yote, nilichokibeba kwa miaka minne, kilikuwa kimepotea mikononi mwangu bila mimi kuona, na yeye alikiona kwa kusoma mara moja. Nilimshukuru, nikaagana naye, nikatoa ukurasa wa 214 katikati ya rundo na kuuweka peke yake mezani. Ningeweza kumrudishia Zubeda mkoba kwa sentensi mbili na mambo yakaisha. Lakini onyesho la mezani haliwezi kuondoka, wala wizi hauwezi kuondoka, kwa sababu bila wizi asingefika kwa Rehema bila kitu mkononi. Kwa hiyo ufunguo ulio juu ya meza si ule ulioibwa. Upo mwingine, na yupo aliyempa.

Leo ni siku ya tisa nikiwa kwenye ukurasa huo. Asubuhi nimeandika maneno 300, nikafuta 260, nikapiga mstari, na chini yake nikaandika swali la kesho: mama yao aliacha funguo ngapi?