Edita imerudi! Siku ya tatu na ile apdeti ya WordPress, na plagini hazikuhusika kabisa

Naandika usiku huu huu maana nikilala nitaamka nimesahau nusu. Tovuti ya nota za kwaya imepona. Siku tatu nimehangaika nayo, dawa yenyewe ikawa amri moja tu, ila dalili zake zilikuwa za ajabu kiasi kwamba nataka zibaki zimeandikwa mahali.

Nilikuwa naipandisha WordPress, programu inayoendesha tovuti hiyo, kutoka 6.3 kwenda 6.4. Bakapu ya databesi na ya uploads nilichukua kwanza, hapo sikuwa na wasiwasi. Kawaida huwa naapdeti kwa kitufe cha dashibodi, ila siku hiyo nilikuwa tayari nimeingia kwenye seva kwa ssh kwa kazi nyingine, nikaona nimalizie humo humo kwa wp-cli, chombo cha kuiendesha WordPress kwa amri za teminali: `wp core update`, halafu `wp core update-db`. Success, Success. Nikafungua ukurasa wa mbele, nota zipo, kutafuta kunafanya kazi, PDF zinashuka. Nikafunga kompyuta.

Asubuhi nakuta meseji ya mwenzangu anayeingiza nyimbo: "Kaka, iliniomba niapdeti databesi nikabonyeza ikakubali, ila sasa nikifungua wimbo kuhariri napata karatasi nyeupe tu."

Nikajaribu mwenyewe, kweli, edita nyeupe pee. Menyu ya pembeni haipo, hata ujumbe wa kosa haupo. Ukurasa wa mbele ukiufungua mzima wa afya.

Basi nikafanya yale tunayofanya sote. Folda ya plugins (plagini, vile vipande vya kuiongezea WordPress uwezo) nikaibadilisha jina ili zote zizimike. Nyeupe. Nikarudi kwenye thimu inayokuja na WordPress yenyewe. Nyeupe. Kivinjari kingine, dirisha la siri, simu, nyeupe kote. Nikakumbuka kwamba kubadilisha jina la folda ya plugins hakugusi mu-plugins (plagini zinazojiwasha zenyewe) wala yale mafaili yanayokaa wazi ndani ya wp-content, yaani object-cache.php na advanced-cache.php, hayo yanaendelea kufanya kazi kama kawaida na watu wengi wanayasahau, nikayahamisha nayo yote, nikapiga `wp cache flush`. Nyeupe. `wp core verify-checksums` ikasema kila faili la WordPress ni sahihi, hakuna lililopungua wala lililochezewa. Siku ya kwanza ikaishia hapo.

Siku ya pili nikaacha kubahatisha nikafungua konsoli ya kivinjari, pale makosa ya JavaScript yanapoandikwa. Mstari mwekundu wa kwanza unalalamika kuhusu `wp.patterns`, kwamba haipo. Nikaingia kwenye diski, patterns.min.js hii hapa, ipo kwenye wp-includes/js/dist pamoja na wenzake. Nikafungua chanzo cha ukurasa nikatafuta neno patterns kwenye orodha ya skripti, hamna. Yaani JavaScript ya edita ni mpya, inamwita mwenzake mpya aliyekuja na 6.4, lakini PHP inayopanga orodha ya skripti zipi zipakiwe haimjui kabisa huyo mwenzake. Hapo ningetulia kidogo ningemaliza siku ile ile, jibu lilikuwa limekaa mbele ya macho yangu. Ila nilikuwa na plagini kichwani, nikaona labda kuna kitu kinamwondoa kwenye foleni, nikapoteza saa tatu nasoma hook (mahali plagini zinapojichomeka kwenye WordPress) moja baada ya nyingine.

Halafu kikaja kile kilichoninyima usingizi, nacho ni databesi. Kwenye teminali nikapiga `wp core update-db` kwa mazoea tu, nikitegemea iniambie kila kitu kiko sawa maana niliishafanya. Ikajibu imepandisha databesi kutoka toleo namba 55853 kwenda 56657. Mbona niliishapandisha? Nikarudi dashibodi, ikanizuia mlangoni, databesi inahitaji kuapdetiwa. Nikabonyeza, ikakubali, nikaingia. Nikarudi teminali nikauliza `wp option get db_version`: 55853. Imeshuka! Nikapandisha kwa teminali, 56657. Nikabonyeza kwenye kivinjari, 55853. Nimefanya hivyo mara nne mfululizo, namba inapanda huku inashuka kule, na kila upande unadai umemaliza kazi kwa mafanikio.

Dashibodi nayo kwenye kisanduku cha muhtasari imeandika toleo 6.3, juu inaniambia 6.4 inapatikana. Teminali ukiiuliza `wp core version` inasema 6.4. Nikadhani ni transient (data ya muda ya WordPress) za zamani, nikazifuta zote, hakuna kilichobadilika. Nikadhani nginx, programu ya seva inayopokea maombi ya kivinjari, inasoma folda nyingine, labda kuna nakala ya zamani ya tovuti imejificha mahali, nikafuatilia `root` kwenye konfigi, nikafuatilia symlink, folda ni ile ile. Nikawasha WP_DEBUG na WP_DEBUG_LOG kwenye wp-config.php ili nipate angalau neno moja la kufuatilia, debug.log haikuzaliwa kabisa. Hilo lilinikasirisha kuliko yote, maana unapokosa hata logi unabaki kama mtu anayetafuta sindano gizani.

Leo jioni nikafanya jambo la kijinga makusudi. Nikafungua index.php ya mzizi wa tovuti, juu kabisa nikaandika `die('nipo hapa');` nikasevu. Nikafungua tovuti. Ukurasa wa mbele ukaja mzima, na nota zake zote.

Nikakaa kimya kama dakika nzima naangalia ile skrini. Faili la kwanza kabisa kusomwa lina amri ya kufa, na tovuti haifi.

Nikatengeneza faili jipya, jaribu.php, ndani yake mistari miwili tu: wa kwanza unasoma wp-includes/version.php kama maandishi kwa file_get_contents na kutoa mstari wa toleo, wa pili unai-include faili hiyo hiyo halafu unachapisha $wp_version. Nikafungua kwenye kivinjari. Mstari wa kwanza: 6.4. Wa pili: 6.3. Faili moja, sekunde moja, majibu mawili.

OPcache!!

Kwa aliyewahi kuigusa ataelewa hapo hapo. PHP-FPM, yaani PHP inayohudumia wavuti, inaposoma faili mara ya kwanza inalitafsiri na kuliweka kwenye kumbukumbu, ndiyo kashe ya OPcache, ili isirudie kazi. Kwa mipangilio ya kawaida inaangalia tena tarehe ya faili, opcache.revalidate_freq huwa sekunde 2. Ila kwenye seva yangu nilikuta `opcache.validate_timestamps=0`, na niliiweka mimi wakati ule naongeza kasi ya tovuti. Ikiwa 0 PHP haiangalii tena diski, faili ikishaingia kwenye kumbukumbu inabaki vile vile mpaka FPM iwashwe upya au kashe isafishwe. Kwa hiyo PHP yote ya tovuti iliyokuwa imeshaingia kwenye kashe ilikuwa bado 6.3, wakati JavaScript inatolewa na nginx moja kwa moja kutoka kwenye diski, nayo ni 6.4. Ndiyo ile edita nyeupe. Wp-config.php nayo imo kwenye kashe, ndiyo maana WP_DEBUG haikuwaka. Na databesi: teminali inasoma msimbo mpya inaandika 56657, kivinjari kinaendesha msimbo wa zamani unaoamini namba sahihi ni 55853, na WordPress ikiona namba haifanani na yake haiulizi kama ni kubwa au ndogo, inataka tu ifanane. Kila nikibonyeza kile kitufe ndivyo ninavyoirudisha nyuma.

Kwa nini miaka yote haijawahi kunitokea? Kwa sababu WordPress yenyewe nilikuwa naiapdeti kwa kitufe cha dashibodi. Tangu 5.5 WordPress ina wp_opcache_invalidate(), ikiapdeti inaiambia OPcache isahau faili zilizobadilika, na kwa kuwa dashibodi inaendeshwa na FPM yenyewe, kashe inayosafishwa ni ile ile inayotumika. Teminali ni mchakato mwingine kabisa wenye kumbukumbu yake, hata ikisafisha inasafisha ya kwake, FPM haina habari. Hapo ndipo nilipofurahi kweli, maana kila dalili ilipata mahali pake, haikubaki hata moja inayoning'inia.

`systemctl reload` ya php-fpm. Ukurasa wa mbele ukaandika "nipo hapa". Sijawahi kufurahia tovuti kufa namna hiyo. Nikatoa ule mstari, nikafanya reload tena, update-db mara moja ya mwisho, nikafungua edita. Imejaa.

Wp-cli siiachi, wala mtu asinielewe vibaya, kwa kazi kama search-replace au kuzima plagini wakati dashibodi haifunguki sijaona cha kuilinganisha nayo. Ila validate_timestamps nimeirudisha 1. Kwa tovuti ya ukubwa wangu kule kuangalia tarehe ya faili hakuna uzito wowote, ule mpangilio unawafaa wenye utaratibu wa kupeleka msimbo ambao mwisho wake ni FPM kuwashwa upya kila mara, na mimi sikuwa nao.

Sasa nilipanga leo hii baada ya hapa niingie kwenye kubadilisha thimu na kupunguza zile picha nzito za jalada. Sikugusa. Wazo lilinijia: kama core, yaani WordPress yenyewe, ilikuwa imeganda, plagini je? Maana wiki zilizopita nimeapdeti plagini kadhaa kwa teminali. `systemctl status` ikasema FPM haijawashwa upya wiki sita. Nikapiga `find` kwenye wp-content/plugins nitafute faili zote za PHP zilizobadilika baada ya tarehe hiyo, orodha ikajaa skrini. Mojawapo ni plagini ya fomu niliyoiapdeti kwa sababu ya tobo la usalama. Kwenye diski imezibwa, kwenye kumbukumbu tobo liko wazi muda wote huo. Hilo limenishtua kuliko edita.

Kwa hiyo usiku umeishia kwenye kuandika skripti. Inaapdeti, inafanya reload ya FPM, halafu inaita kwa curl (chombo cha kufungua ukurasa kwa teminali) faili dogo linalojibu kwa localhost, yaani seva yenyewe, pekee, linataja toleo ambalo PHP ya wavuti inaliona, na linalinganishwa na toleo la teminali. Zikitofautiana inasimama na kupiga kelele. Upande wa core tayari, upande wa plagini bado nusu, kusoma toleo kutoka kwenye kichwa cha faili hakusaidii kwa sababu kinasomwa kama maandishi kutoka diski na kitadanganya kama nilivyodanganywa, nahitaji konstanti (thamani isiyobadilika) iliyo ndani ya msimbo unaoendeshwa na si kila plagini inayo. Kesho naendelea na hapo. Logi ya usiku huu ya mwisho: wavuti 6.4, teminali 6.4, databesi 56657 pande zote, na mwenzangu amesharudi kuingiza nyimbo.