Shehia haina robo ya mgonjwa

Siku hizi kazi yangu yote ni modeli ya kompyuta inayoiga malaria inavyoenea katika shehia ndogo za Pemba, na kila nikiiendesha nazidi kuamini kwamba hapa kwetu wastani peke yake hautoshi. Maambukizi Zanzibar yamekuwa chini ya asilimia 1 kwa miaka mingi sasa. Ni neema kubwa, Alhamdulillahi. Lakini wagonjwa wakishakuwa wachache hivyo, milinganyo ya mtindo wa Ronald Ross, daktari aliyeonyesha kwamba mbu hueneza malaria, wa mwanzoni mwa karne ya 20, inapwaya. Mlinganyo hukubali hata robo ya mgonjwa. Shehia haina robo ya mgonjwa. Ama yupo, ama hayupo.

Chukua mtu mmoja aliyetoka Bara na vimelea damuni, ameshuka bandari ya Mkoani, Pemba. Tuseme mgonjwa wa namna yake huambukiza watu 1.5 kwa wastani. Kwa mlinganyo, ugonjwa utapanda tu. Nikiiachia nasibu iamue, kwa mgawanyo wa Poisson (kanuni ya hesabu ya matukio ya bahati), takriban mara 42 katika 100 mnyororo wa maambukizi hukatika wenyewe: mbu hakumuuma, au alimuuma akafa kabla vimelea havijakomaa ndani yake. (Hesabu hii ina asili ya ajabu. Francis Galton na Henry Watson waliifanya Uingereza miaka ya 1870, wakitaka kujua kwa nini majina ya koo hutoweka.)

Naiendesha modeli mara nyingi, na kila mara hutoa mstari wa idadi ya wagonjwa. Kwenye skrini mistari yote huanza na mgonjwa yuleyule. Kinachotofautiana ni nasibu tu. Mingi inagusa sifuri mapema. Upo mmoja uliotambaa chini kwa miezi, ungedhani umekwisha, halafu masika yalipoingia ukapanda juu. Huo ndio ninaoukodolea macho.

Wanafunzi huniuliza mstari upi ndio sahihi. Nawajibu yote, kwa sababu mtu wa afya wilayani hahitaji mstari wa katikati. Anahitaji kujua mambo huharibika mara ngapi, na yakiharibika hufika wapi.

Sasa naingiza safari za Idi, boti zinapojaa. Wakishuka watano wenye vimelea, kila mmoja na mnyororo wake, uwezekano wa yote kukatika bila msaada unashuka hadi kama 1 katika 80. Kwa hiyo nitapendekeza vipimo na wapimaji wa kutosha wawepo bandarini wiki ile, hata kama mwezi mzima uliotangulia hakuonekana mgonjwa hata mmoja.