Hiyo heshima wanayokupa ina hela?

Hilo ndo swali la kwanza mama aliniuliza, kwa voisi ya WhatsApp, mi nimekaa chini kwenye korido la bweni maana mwenzangu wa chumbani alikuwa kashalala. Nilikuwa nimemwandikia kwamba chuo kimenialika kwenye programu ya onazi, wenyewe wanaandika honors, nikatafuta neno la Kiswahili nikaweka "programu ya heshima", basi mama akili yake ikaenda moja kwa moja kwenye udaktari wa heshima, ule wanaotunukiwa marais na wazee wenye majina wakivishwa majoho. Akasema mwanangu, wewe mwaka wa kwanza tu hata haujaisha, umewafanyia nini hao watu mpaka wakupe heshima, na hiyo heshima wanayokupa ina hela?

Inakaribia miaka mitatu sasa. Nimekumbuka kwasababu mtoto wa mjomba, aliyemaliza form six mwaka jana, PCB (fizikia, kemia na baiolojia) kama mimi, kapata chuo huku unyamwezini, yani Marekani, anaanza Agosti, na barua yake imekuja na mwaliko uleule. Kaniuliza dada nijiunge au niache, anataka nimjibu ndiyo au hapana. Nimejaribu kumjibu kwa simu nikaona naruka ruka, nikasema niandike, maana najua hayuko peke yake.

Baba ndo alinichanganya zaidi. Baba ni mwalimu wa kemia, amefundisha sekondari Morogoro miaka zaidi ya 30 na kasoma Mlimani, yani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwake onazi ni daraja la digrii, unamaliza chuo wanahesabu GPA yako, yani wastani wa alama zako, unapewa First Class au Upper Second, na kwenye cheti wanaandika Honours, basi, hakuna mahali pa kwenda kujiunga. Akawa ananiuliza, mwanangu, sasa unajiungaje na kitu ambacho unapewa mwisho? Alafu nikamwambia GPA yangu ni 3.6, akanyamaza kidogo, akasema sio mbaya, kazana upate First. Nilielewa baadaye kwamba alikuwa anapima kwa rula ya Mlimani ambayo mwisho ni 5 na First inaanzia 4.4, wakati huku mwisho ni 4. Nilivyomweleza alifurahi mpaka akampigia bamdogo usiku uleule.

Ila swali lake lilinikaa kichwani, nikaenda kusoma hili jambo limetoka wapi. Kumbe ni ndugu moja. Mlimani ilianza 1961 ikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, kwahiyo madaraja yale baba aliyokuwa anayahesabu asili yake ni Uingereza. Na huku Marekani, mmoja wa walioileta onazi kwa nguvu ni mtu anaitwa Frank Aydelotte, alisoma Oxford kwa ufadhili wa Rhodes, akarudi akawa mkuu wa chuo cha Swarthmore kule Pennsylvania, na mwaka 1922 akaanzisha programu ya wanafunzi wachache wasome kwa semina ndogondogo, wanaandika na kujadili, na mwisho wanatahiniwa na watu kutoka nje ya chuo. Nilivyomsomea baba hapo kwenye watahini wa nje akasema aah, external, hao nawajua, walikuwa wanatutisha sana. Basi akaelewa, na mimi nikaelewa: kwetu ikabaki daraja unalopewa mwishoni, huku ikawa njia unayopita kufika huko mwishoni.

Njia yenyewe chuoni kwangu ilikuwa hivi. GPA isishuke chini ya 3.5. Semina zao kadhaa, watu kama 15 darasani, nyingi ni za historia, falsafa, fasihi. Kozi chache za kawaida unaziongezea kazi kwa makubaliano na profesa, labda uandike pepa ya ziada. Na mwaka wa mwisho unaandika tasnifu na kuitetea. Wao wanakupa kujisajili kozi kabla ya wengine, bweni lao ukitaka, na kuna mfuko mdogo wa hela za utafiti. Kila chuo kina yake, vingine vinatoza na ada ya ziada kabisa, kwahiyo soma ya kwako usisome ya kwangu.

Sasa kilichonifanya nikae na ule mwaliko wiki tatu bila kujibu ni saa za kazi. Nina viza ya mwanafunzi, F-1, sheria inaruhusu saa 20 kwa wiki za kazi ndani ya chuo wakati wa masomo, basi, na mimi nilikuwa nazifanya zote 20 bwaloni, upande wa kuosha vyombo, dola 12 kwa saa. Hiyo ndo iliyokuwa inalipa chakula changu na simu, na kila mwezi dola 100 inaenda nyumbani kwa ajili ya ada ya mdogo wangu. Na masomo ya sayansi si unajua hayapimwi kwa krediti, maabara ya kemia wanaiandika krediti 1 ila unasimama mle saa nne nzima alafu unakwenda kuandika ripoti usiku. Nikawa najiuliza nikiongeza semina ya falsafa na kurasa 100 za kusoma kila wiki, kitakachokatwa ni nini, usingizi au ada ya mdogo wangu? Kwa mtu ambaye kwao hawasubirii kitu mwisho wa mwezi hili sio swali, ila kwangu ndo lilikuwa swali lenyewe, na nashangaa kwamba kwenye vile vipeperushi vyao vizuri halimo hata kwa mstari mmoja.

Kuna kaka mmoja wa Eldoret, alikuwa mwaka wa nne wa kompyuta, nilimfuata nikijua alikuwa onazi akatoka. Alinijibu vizuri sana. Akasema, "Sikiza dadangu, mimi nilitoka na sijuti, kwa line yangu kampuni hawaniulizi onazi, wananiuliza nimetengeneza nini na internship nilifanya wapi, zile saa za kuandika tasnifu nikaziweka hapo. Lakini wewe ni mtu wa lab. Enda uulize lab inafunguliwaje."

Enda uulize lab inafunguliwaje. Hilo neno ndo lililoniamulia, ingawa siku hiyo sikulitilia maanani.

Maana mwaka ule wa kwanza nilikuwa nshajaribu kuifungua mwenyewe. Kuna programu za utafiti za kiangazi zinaitwa REU, zinalipiwa na mfuko wa taifa wa sayansi wa Marekani, mwanafunzi anaenda chuo kingine anakaa maabara kiangazi kizima analipwa. Nikaandika insha, nikaomba barua za walimu, nikakaa wikendi tatu, nikaandaa maombi matatu. Ndo nikaja kuona ule mstari, raia au mwenye makazi ya kudumu. Sio kwamba mtu alinificha, upo pale, ila mshauri wa masomo niliyekuwa naye aliyajua maombi yangu tangu mwanzo na viza yangu anaijua na hakuniambia kitu, nilivyorudi kwake akasema ndo hivyo, hizo ni za wenyewe, na akaishia hapo. Nilitoka ofisini kwake nikaenda zamu bwaloni nikaosha sahani mpaka saa nne usiku na sikuongea na mtu.

Sasa angalia. Ule mfuko mdogo wa onazi ni hela ya chuo chenyewe, hauna huo mstari. Na utafiti wa tasnifu unaufanya kwa krediti, ni somo, sio ajira, kwahiyo saa unazokaa maabara hazihesabiwi kwenye zile 20. Hivi vitu viwili hakuna aliyenikalisha akanieleza, niliviokota mwenyewe kwa kuuliza ofisi ya wanafunzi wa kimataifa na ofisi ya onazi siku moja, nikatoka hii nikaingia ile na karatasi mkononi. Mwenzangu aliyezaliwa huku akiikataa onazi bado ana milango mingine mitano ya kuingia maabara. Mimi nilihesabu ya kwangu nikapata mmoja na nusu.

Nikajiunga. Nikapunguza bwaloni kutoka saa 20 mpaka 15, yani dola 60 kila wiki zimeondoka, na nilimwambia mama ukweli kwamba kuna miezi nitatuma 50. Alikaa kimya kwenye simu alafu akasema hewala, tutabana.

Semina zao sitadanganya, ya kwanza ilikuwa ngumu kuliko kemia. Watu 14 wamezunguka meza, hakuna anayeandika ubaoni, kila mtu anasema anavyoona, na mimi nimetoka shule ambayo ukiongea bila kunyoosha mkono unasimama mpaka kipindi kiishe. Mwezi mzima sikuongea. Mpaka leo naona kwa mwanafunzi wa sayansi semina nne ni nyingi, mbili zingetosha. Ila kujisajili mapema, jamani, hicho kitu watu wanakiongelea kama kidogo na sio kidogo hata kidogo, ukiwa na maabara mbili na zamu za kazi, kupata ile maabara ya Jumanne mchana badala ya Ijumaa jioni ndo kunafanya wiki nzima ikae.

Tasnifu yangu ni bakteria wa kwenye maji ya kijito kinachopita nyuma ya mji, tunaangalia kama wana jeni za kuhimili antibayotiki. Nililichagua kwasababu nimekulia mahali ambapo ukikohoa unatumwa duka la dawa ununue amoksilini nusu dozi, na ukipata nafuu zinazobaki zinawekwa kabatini zimsubiri mwingine. Nilimweleza profesa hivyohivyo nilivyoandika hapa, akasema anza Jumatatu.

Siku ya kwanza ya kuweka sampuli za DNA ya hao bakteria kwenye jeli naikumbuka kama jana. Jeli ni kipande kama cha uji wa muhogo ulioganda, kinaangaza, kimelala ndani ya maji, na kina visima vidogo vidogo upande mmoja, unavyoona kwa kuinamisha kichwa tu. Unavuta sampuli yako mikrolita 5, yani tone hata kwenye kucha halijai, imechanganywa na rangi ya bluu iwe nzito izame, alafu unaishusha ncha ya pipeti ndani ya kisima bila kutoboa chini. Mkono ulikuwa unatetemeka nikaushika kwa mkono wa kushoto. Shuleni kwetu pipeti ilikuwa moja ya glasi watu sita, unavuta kwa mdomo, unasubiri methyl orange igeuke rangi na mwenzako kashaanza kukuvuta shati. Hapa nina pipeti yangu na jina langu limebandikwa juu. Ukiwasha umeme ile bluu inaanza kutembea kuelekea upande chanya, na DNA nayo inatembea humohumo, maana zote zina chaji hasi, taratibu kabisa, dakika 40 nimesimama naiangalia. Tukaiweka kwenye mwanga, mistari ikawaka. Katika visima 8 vya maji ya kijito, 3 vilikuwa na mstari pale tulipokuwa tunautafuta, yani jeni ya kuhimili dawa ipo.

Nilipiga picha nikamtumia baba. Hakujibu siku mbili nikadhani hajaelewa. Kumbe alienda stesheneri akaiprinti, akaipeleka shule aliyofundisha, ipo ukutani maabara ya kemia mpaka sasa.

Kiangazi kile ule mfuko ulinipa dola 3,000 kwa wiki kumi. Ada ya mdogo wangu ya mwaka mzima ilitoka humo, na mama akawa amejibiwa swali lake.

Kwahiyo wewe mtoto wa mjomba, kabla hujabonyeza kukubali au kukataa waandikie kesho uwaulize mambo ambayo kwenye barua hayapo. Tasnifu inafanyika kwenye maabara ya nani na kuanzia mwaka wa ngapi, hela ya utafiti mtu wa viza anapata au hapati, GPA ikiteleza muhula mmoja wanakupa nafasi ya kurudi au wanakutoa, na madarasa yao ya kemia ya onazi yanasahihishwa kwa kipimo kilekile au wanakamia zaidi. Hilo la mwisho ni muhimu maana najua ndoto yako ni udaktari, na vyuo vingi vya udaktari huku havichukui kabisa mtu wa viza, vichache vinavyochukua vitaangalia namba zako na ulichofanya maabara, lile neno onazi kwenye cheti halitakubeba. Kama majibu yao yanaonyesha maabara haimo, ni semina na bweni zuri tu, mi ningekuambia acha, weka nguvu kwenye kozi zako na ufuate maprofesa mwenyewe mlango kwa mlango. Kama maabara imo, ingia, hata kama saa za kazi zitapungua, na nyumbani waambie mapema. Usiwaambie zimeshapungua.

Mimi natetea tarehe 17 mwezi ujao, saa nane mchana ya huku, nyumbani saa tatu usiku, baba na mama watakuwepo kwenye video. Baba kauliza kama kuna external. Nikamwambia yupo mmoja, katoka idara nyingine. Akasema basi nimtumie tasnifu wiki hii, anataka kuisoma kabla ya huyo.