Siku moja maishani mwangu: watu wa zamu ya usiku hawamo kwenye fomu

Saa 11:00 alfajiri

Novemba hapa Lindi joto linakuamsha kabla ya adhana. Nimeswali, nimechemsha chai, nimepasha mihogo iliyobaki jana. Barazani kwangu naiona Kitunda ng'ambo ya maji, na boti ya kwanza imeshaanza kuvusha akina mama na ndoo zao za samaki. Mimi ni afisa ustawi wa jamii ngazi ya mkoa. Leo nina ratiba ya usimamizi shirikishi: kwenda kituoni na mahakamani kuangalia kama watumishi wanaoshughulika na watoto waliokinzana na sheria wamepewa mafunzo, na kama mafunzo hayo yanatumika.

Hiyo sehemu ya pili ndiyo imeninyima usingizi wiki hii.

Saa 2:00 asubuhi

Ofisini. Dereva anajaza mafuta, mimi napitia fomu za mwaka jana. Fomu inauliza: "Je, watumishi wamepatiwa mafunzo kuhusu haki za mtoto?" Kisha kisanduku cha Ndiyo na cha Hapana. Chini yake: "Idadi ya waliopata mafunzo, Me na Ke." Basi. Vielelezo vinavyotakiwa ni karatasi ya mahudhurio, nakala za vyeti, na ile picha ya pamoja mbele ya bango. Vituo vyote nilivyopita mwaka jana vina Ndiyo. Saini iliyo chini ya fomu nne kati ya hizo ni yangu.

Niwaeleze kidogo mambo yalivyo, maana nje ya kazi yetu watu hawayajui. Mtoto akikamatwa Jumatatu, kabla wiki haijaisha ameshapita kwenye mikono mingi. Polisi wako chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Afisa ustawi wa halmashauri yuko chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, lakini sera na miongozo inatoka Wizara ya Maendeleo ya Jamii, kwa Kamishna wa Ustawi wa Jamii. Mwendesha mashtaka ana ofisi yake, hakimu ni mtu wa Mahakama. Hakimu anapelekwa kozi Lushoto, askari amesomea Moshi, wengi wetu wa ustawi tumepita Kijitonyama. Kila mmoja ana chuo chake, mkaguzi wake na fomu yake. Mtoto ni yuleyule mmoja, na hakuna fomu hata moja inayomfuata yeye tangu anapokamatwa mpaka anaporudi kwao.

Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ilizunguka kwenye magereza, vituo vya polisi na mahabusi za watoto, ikatoa ripoti yake mwaka 2011. Ilikuta watoto wamechanganywa na watu wazima. Baada ya hapo ukaja mkakati wa miaka mitano wa kuboresha haki za watoto, wa 2013 hadi 2017, na Kanuni za Mahakama ya Watoto za 2016. Karatasi zipo, na nzuri. Mimi siwezi kusema nchi hii haina sheria.

Saa 3:30 asubuhi

Mahakamani. Hapa sitakaa sana, kwa sababu mambo yanakwenda. Chumba ni kidogo, mlango umefungwa, watu wasiohusika wako nje. Mwendesha mashtaka amevaa shati la kawaida. Msichana wa miaka 16 ameketi karibu na mama yake, na hakimu anamuuliza polepole, kwa Kiswahili chepesi, kama ameelewa anachoshtakiwa. Mwenzangu wa halmashauri ana taarifa yake ya uchunguzi wa kijamii mkononi: amefika nyumbani, ameongea na mwalimu, ameongea na jirani. Ndivyo Sheria ya Mtoto ya 2009 inavyotaka.

Wasiwasi wangu ni mmoja tu. Hakimu huyu amepikwa vizuri, na watumishi waliopikwa vizuri ndio wanaohamishwa. Anayekuja badala yake atakuta kabati la mafaili, na hakuna aliyepangiwa kukaa naye kumweleza.

Saa 4:45 asubuhi

Njiani. Tumepita Mingoyo, pale Mnazi Mmoja vijana wanakimbilia dirishani na vifuko vya korosho zilizobanguliwa. Msimu umechanganya. Kila uwanja kando ya barabara umetandikwa turubai na korosho zimeanikwa, na kila msimu wa korosho kesi za watoto huongezeka mezani kwetu. Mvulana anachota kilo kadhaa usiku, anampelekea mtu wa kangomba, yaani mnunuzi wa magendo anayenunua korosho nje ya utaratibu rasmi, anapewa hela ya kununua bando na viatu. Anayekamatwa ni mvulana. Mnunuzi wa kangomba sijawahi kumkuta mahabusu, na hilo linaniuma kila mwaka.

Saa 5:50 mchana

Kituo chenyewe sitakitaja. Mkuu wa kituo ametupokea vizuri, maji ya kunywa yametolewa, faili limeshawekwa mezani. Ndani yake kuna vyeti vitatu, vya mafunzo ya siku tatu yaliyofanyika miaka miwili iliyopita. Ningeweza kuandika Ndiyo, Me 2, Ke 1, nikaondoka kabla ya jua kali.

Nikauliza wenye vyeti wako wapi. Mmoja amehamishwa. Mama aliyekuwa dawati la jinsia na watoto amestaafu. Wa tatu ni mkuu mwenyewe, ambaye saa 11 jioni anarudi nyumbani kwake.

"Afande, na jana usiku kaunta alikuwa nani?"

Akaitwa. Kijana, nadhani hajafika miaka 25, ana miezi tisa kituoni. Alikuwa ameshamaliza zamu lakini hajaondoka, macho mekundu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, afande. Pole na zamu. Niambie, mtoto akiletwa hapa saa 8 usiku, wewe unaanza na nini?"

"Namwandika kwenye rejista, mama, halafu namweka ndani."

"Umri wake unaujuaje?"

Akanyamaza kidogo. "Namwangalia. Au waliomleta wanasema."

Nikaomba rejista ya mahabusu. Mstari wa tatu kutoka chini, kosa: wizi wa korosho. Kwenye safu ya umri imeandikwa 19. Wino wa bluu, lakini ile 9 imekandamizwa mara mbili, mara tatu, mpaka karatasi imekaribia kutoboka. Nikaisogeza karatasi kwenye mwanga wa dirisha. Chini ya 9 unaiona 5, ule mkia wake wa juu umebaki nje.

Kijana hakuficha. Alisema mvulana alipofika alijitaja mwenyewe kuwa ana miaka 15, naye akaandika 15. Mwenye korosho na mgambo wakaja juu: huyu ametoka jandoni mwaka juzi, ameshachezwa, mtoto gani huyo? Basi akabadilisha.

Nilikaa na jibu lile kwa muda. Mimi ni mtu wa huku, na jando nalijua. Mvulana akitoka kule anapewa heshima yake, haingii ovyo chumbani kwa mama yake, anaanza kuitwa mkubwa, na sina ugomvi na mila hiyo. Lakini sheria inasema mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18, awe ametoka jandoni au hajaingia, na umri ukileta ubishi unachunguzwa. Kijana wa watu hajawahi kuambiwa. Siku ya mafunzo yeye alikuwa depo. Na kama angekuwapo, bado sidhani kama kuna mtoa mada angezungumzia jando, maana mada zinaandaliwa mbali na huku na zinafanana nchi nzima.

Tarakimu moja ile ilibeba mambo mengi. Kwa 19, mvulana amelala na watu wazima wawili chumba kimoja, mmoja wao wa kesi ya kujeruhi. Kwa 19, afisa ustawi hakupigiwa simu, nyumbani kwao hawakutafutwa, na kesi ingekwenda kusikilizwa hadharani kama za wakubwa. Mtoto sheria hairuhusu afungwe jela, lakini wa miaka 19 anafungwa.

Saa 6:40 mchana

Mkuu wa kituo mwenyewe ndiye aliyempigia simu mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya kijiji kile. Baada ya robo saa picha ya rejista ya shule ikaingia kwenye WhatsApp. Nikapiga hesabu: miaka 15 na miezi minane. Mvulana akatolewa, akawekwa kwenye benchi kando ya kaunta, akapewa chapati na chai. Aliila chapati yote huku ameshika kikombe kwa mikono miwili, hakuinua macho.

Saa 8:00 mchana

Bibi yake amefika kwa bodaboda, vumbi mpaka kwenye kope.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Wamempiga?"

Swali la kwanza lilikuwa hilo. Nikamwambia hapana, nimemuuliza mwenyewe. Akakaa, akafungua fundo la kanga, akatoa mfuko wa nailoni, na ndani ya mfuko kadi ya kliniki iliyokunjwa mara nne. Alikuja nayo bila kuambiwa. Tarehe ilikuwa ileile ya rejista ya shule. Akasema aliitunza tangu mama wa mtoto alipokwenda Dar kutafuta maisha, kwa sababu alijua iko siku mtu atauliza.

Dhamana ikaandikwa kwa jina la bibi, na mwenzangu wa halmashauri akapanga siku ya kufika kwao kwa ajili ya taarifa yake. Kesi ipo, wizi ni wizi, na mwenye korosho naye ana haki yake. Ila sasa itakwenda mahakama ya watoto.

Kabla ya kuondoka niliomba dakika 20 na waliokuwepo: askari wa mchana wanne, yule kijana wa usiku, na mama anayepika. Mama mpishi nilimwita makusudi, yeye ndiye anayewaona watoto asubuhi kabla ya bosi yeyote. Hatukuwa na bango. Tuliongea mambo manne: anajitaja umri gani, nani wa kwao apigiwe simu, afisa ustawi apigiwe saa hiyohiyo hata kama ni usiku, alale wapi mbali na wakubwa. Yule kijana aliyaandika nyuma ya kalenda ya mwaka jana, pamoja na namba yangu, akaibandika juu ya kaunta kwa plasta ya kidonda. Kwenye fomu yangu dakika hizo 20 hazina mahali pa kuandikwa.

Saa 10:30 jioni

Nimerudi ofisini na mabishano yameanza. Mwenzangu anayekusanya takwimu ananiambia, dada, wewe jaza tu, tarehe ya mwisho ni kesho, hayo mengine weka kwenye maelezo ya jumla. Ni mtu mzuri na anabanwa na wakubwa wake, lakini maelezo ya jumla hayasomwi. Nimemwambia kituo kile naandika Hapana. Akasema Hapana itaharibu asilimia ya mkoa. Nikamwambia Kanuni za Havana za Umoja wa Mataifa, za mwaka 1990, za kuwalinda watoto walionyimwa uhuru, zinataka wanaowashika watoto wafundishwe saikolojia na ustawi wa mtoto, wajinoe tena na tena, na ukaguzi ufanywe na watu wasio wa taasisi ile ile. Hazikusema vyeti vihesabiwe.

Nimeandika Hapana. Nimeambatanisha ukurasa mmoja wenye safu ambazo fomu haina: nani alikuwa zamu usiku wa kuamkia ukaguzi, ana muda gani kituoni, alijibu nini alipoulizwa, aliyefundishwa zamani yuko wapi sasa. Nakala moja nitaipeleka kwa mkono ofisi ya kanda ya ile Tume ya Haki za Binadamu, kwa kuwa ipo hapahapa mjini. Mkaguzi akiuliza maswali hayo manne kila kituo, atajua ndani ya saa moja kitu ambacho vyeti vimemficha miaka yote.

Na mwaka jana? Zile fomu nne zenye saini yangu nimezitoa kwenye faili na kuziweka juu ya meza. Nitarudi vituo hivyo kimoja kimoja, safari hii baada ya magharibi.

Saa 3:15 usiku

Watoto wamekula, wali na pweza wa nazi, mdogo ameshalala kwenye mkeka. Simu imeita: mratibu wa mafunzo ya mwezi ujao anaomba majina ya washiriki. Bajeti ni ya watu 12, siku tatu, hotelini, na anapendekeza wakuu wa vituo na wakuu wa idara. Nimemtumia majina 17. Wa kwanza ni yule kijana wa kaunta, kisha wenzake wa usiku wa vituo vitano, walinzi wawili na mama mpishi. Nimemwomba mafunzo yafanyike vituoni kwenyewe, jioni zamu zinapobadilishana, hela ya hoteli iende kwenye nauli.

Amejibu: "Tutaona, mama."

Kesho gari linaondoka saa 12 asubuhi kwenda Kilwa. Nimemwambia dereva abebe nguo ya kubadilisha, maana tutalala huko.