Mwezi Nane, Maji Mafu

Nikisema niliwahi kuishi ughaibuni, watu wa kwetu Singida hutega masikio wasikie habari za theluji. Nikitaja Mombasa, wanacheka. Wacheke tu. Pasipoti yangu iligongwa mhuri Taveta, noti zangu zikabadilishwa, laini ya simu ikawa nyingine, na kibali cha kukaa nikakitafuta kwa foleni kama mgeni yeyote. Kama hiyo si nchi ya watu, basi sijui.

Nilikwenda kujitolea kwenye mradi wa kurejesha mikoko. Basi lililotoka Voi halikunifikisha hata kisiwani, nilishukia Mikindani, upande wa bara, pembeni mwa ile barabara ambayo malori ya makontena hayalali. Kutulia kwenyewe hakukuwa kugumu. Chumba kilipatikana, asubuhi mahamri na mbaazi za nazi, jioni viazi karai na ukwaju kwa mama wa pale kona. Joto ndilo lilinitesa kidogo. Kwetu usiku unatafuta sweta, pale unatoka kuoga na jasho linakusubiri mlangoni. Majirani waliniita Mtanzania siku ya kwanza, na hawakuniita jina jingine mpaka naondoka.

Kilichokawia kunikubali ni tope. Mtu wa Singida akiambiwa anakwenda kupanda miti hujiandaa kwa vumbi na ndoo ya maji. Huku mti unapandwa ndani ya bahari, kwenye tope jeusi linalonuka yai viza, na linalokuvua kiatu bila kukuomba. Kina mama wa kikundi waliingia pekupeku, leso zimefungwa juu ya magoti, wakitembea kwa haraka fulani, wakiuondoa mguu kabla haujazama. Mimi nilisimama kufikiri, na ukisimama kufikiri umekwisha. Vijikaa vyenye gando moja kubwa vilitoka mashimoni kunitazama.

Hapo kila mti una mahali pake. Mlilana hukaa mbele, unapigwa na maji kwanza. Mkoko wenyewe unafuata, na mizizi yake iliyojipinda juu ya ardhi. Kisha mkandaa, na juu kabisa, karibu na nchi kavu, mchu. Mbegu ya mkoko huota ingali mtini, inaning'inia, fimbo ya kijani yenye ncha ya kahawia. Ukiipata imekomaa huna haja ya kitalu: unaididimiza topeni sehemu kama theluthi, ncha chini, unakwenda zako. Mlilana na mchu ndio tuliootesha kwanza, kwenye pakiti za maziwa tulizookota mtaani, na siku ya kupanda pakiti inachanwa na kurudi nayo nyumbani. Mwenyekiti wa kikundi alikuwa mkali kwa hilo. Mtu akiacha pakiti topeni, alitumwa arudi kuichukua hata kama maji yameanza kujaa.

Ukali wake ulikuwa na sababu. Alikuwa amekwisha kuona msitu ukifa. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi hadi mikoko ya Mwache, upande ule wa Port Reitz, ukaifukia mizizi. Mizizi hiyo ndiyo pua ya mti. Ikizibwa, mti unakauka umesimama. Mikindani nako taabu ni nyingine: kuni, boriti, na maji taka ya mtaa yanayoteremka moja kwa moja kwenye mkono wa bahari wa Tudor. Kwa hiyo hakuwa mtu wa kusifia miche. Kwake kupanda ni kazi ya asubuhi moja, kulinda ndiko kunakokula miaka. Nami nakubaliana naye hadi leo, ingawa picha za watu wanaolinda hazipendezi.

Sasa, picha. Siku moja ofisi iliyonipeleka ilinipigia simu: Jumamosi saa nne asubuhi wanakuja wageni, wafadhili na wafanyakazi wao, kupanda mikoko. Niwaandae kina mama. Nikaenda kwa mwenyekiti. Hakuuliza ni wageni gani. Aliuliza tarehe, akaingia ndani, akarudi na kalenda ya Kiislamu iliyotolewa na msikiti.

"Hiyo ni mwezi nane, mwanangu. Maji mafu."

Nilikaa kwenye kigoda, akanieleza. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, ni bamvua: maji yanajaa sana alfajiri na alasiri, na saa nne, saa tano za asubuhi yamekupwa mpaka mbali, tope liko wazi. Mwezi ukiwa nusu, yaani siku ya nane tangu uandame, ndiyo maji mafu, mambo yanageuka. Saa nne hiyo hiyo maji yamejaa, na hata yakipwa jioni hayaendi mbali. "Sasa hao wageni watapanda wakiogelea?"

Nilipiga simu ofisini nikaeleza yote. Nilijibiwa kwamba fulana zimeshachapishwa.

Jumamosi walifika, mabasi mawili madogo, fulana nyeupe pe, na mpiga picha. Maji yalikuwa yametulia kati ya miti, pale tulipokusudia kupanda hapaonekani. Kiongozi wa msafara, mtu mpole, alinivuta pembeni: si kuna sehemu kavu huko juu, kwenye michu? Wachomeke tu miche ya mkoko hapo, wapige picha, kina mama wataihamisha baadaye. Nilimwambia amwambie mwenyekiti mwenyewe. Akamwendea.

Mwenyekiti alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, bila kupaza sauti, "Baba, mche ukichomwa pale juu wiki haimalizi. Nami sipandi kitu nikijua kinakufa." Akageuka, akamwambia kijana alete magunia.

Ndivyo wageni walivyookota taka. Pale ukingoni mizizi ilikuwa imekamata kila kitu ambacho mji umekitupa: soli za kandambili, chupa, nepi, nyavu zilizokatika. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya dukani Agosti 2017, na bado tulikuwa tunachomoa matambara yake, yamejifunga kwenye mizizi ya mchu hadi ukiyavuta yanatoka vipande. Dakika za kwanza walishika vitu kwa ncha za vidole. Baadaye dada mmoja mwenye kucha ndefu nyekundu aliketi kabisa majini akipambana na wavu, akikataa kusaidiwa. Mpiga picha alikuwa na kazi kubwa, nadhani alipata picha nzuri kuliko alizotumwa. Saa saba wakala pilau, wakaondoka, fulana zao hazitamaniki.

Jioni kina mama walishuka kuangalia maji yamefika wapi, wakasema basi, tungoje bamvua. Ilipofika tukapanda mapema, hakuna mgeni hata mmoja, na mimi nikagundua nimevuka kutoka kwenye kitalu hadi kwenye mililana bila kuanguka. Hakuna aliyesema kitu. Mmoja alinipa tu fungu kubwa zaidi la kubeba.

Ripoti ya ile Jumamosi ilikuwa na safu ya miche iliyopandwa. Niliandika sifuri, na kwenye maelezo nikataja magunia. Ofisi ilipiga: niweke hata makadirio. Nikasema nimpe simu mwenyekiti? Nikampa. Upande wa pili sikuusikia; wa kwetu ulikuwa "eeh", "la", na "hapana, baba, hiyo ni uongo," kisha akanirudishia simu akaendelea kuchambua mchele.

Mwezi mwingine ujumbe ukaja, safari hii bila tarehe: wageni wengine wanataka kuja, tafadhali muulize mama ni lini.

Aliifunua kalenda, akapitisha kidole.

"Waambie mwezi kumi na tano, saa nne hiyo hiyo waipendayo. Na fulana zisiwe nyeupe."