Jumla iliyoandikwa Joomla

Maneno "jumla na rejareja" tumeyasoma tangu utotoni kwenye mbao za maduka ya hapa Lamu, na ndiyo sababu nilistaajabu siku nilipofahamu kwamba Joomla, mfumo huria wa kusimamia maudhui ya tovuti, umepewa jina kutokana na neno letu hilo, likaandikwa kwa tahajia ya Kiingereza. Waliolichagua mwaka 2005 walikusudia maana ya "wote kwa pamoja", na habari yao inalistahili.

Walikuwa watengenezaji wa mfumo ulioitwa Mambo. Miro, kampuni ya Australia iliyouanzisha, ilipounda taasisi ya kuusimamia, wao hawakuridhika na namna ilivyopangwa, wakaondoka pamoja mwezi Agosti. Hawakuondoka mikono mitupu: Mambo ilitolewa chini ya leseni ya GPL, ambayo humruhusu yeyote kuutumia msimbo, yaani maandishi yanayounda programu, kuubadilisha na kuusambaza, kwa sharti kwamba anayeupokea naye apate haki hizo hizo. Basi waliibeba kazi yao kihalali, na Septemba mwaka huo huo wakatoa Joomla 1.0. WordPress, mfumo mwingine wa aina hiyo, nayo ilianza kwa njia kama hiyo mwaka 2003, pale Matt Mullenweg na Mike Little walipouchukua msimbo wa b2, programu ambayo mtunzi wake alikuwa ameacha kuiendeleza.

Thamani ya haki hiyo niliijua kwa uchungu. Ami yangu ana nyumba ya wageni Langoni, na tovuti yake ya kwanza ilijengwa na fundi aliyetumia mfumo wake mwenyewe, uliofungwa. Fundi alipoacha kazi hiyo, hatukuwa na nywila, wala msimbo, wala njia ya kuzitoa picha na maelezo yaliyokusanywa kwa miaka minne. Ami aliniuliza, "Mwanangu, nyumba ni yangu, vipi ufunguo uwe wa mtu?" Sikuwa na jibu la kumpa. Niliandika upya ukurasa mmoja mmoja, safari hii ndani ya Joomla, ambayo niliipenda hasa kwa kuwa inaweza kuiweka tovuti kwa Kiswahili na Kiingereza bila kuongezewa programu nyingine. Sasa hifadhidata ni yetu, nakala yake imo katika kompyuta ya ami, na tukihama seva tutahama nayo.

Hata hivyo, mfumo huria unataka mtu wa kuutunza. Tarehe 15 Oktoba 2014 Drupal, mwenzake Joomla, ilitangaza kasoro nzito, na baadaye timu yake ya usalama ikaeleza kwamba kila tovuti ya Drupal 7 ambayo haikurekebishwa ndani ya muda wa saa 7 tangu tangazo hilo ihesabiwe kuwa imeshaingiliwa. Kwa hiyo nilimfundisha binti wa ami kuhifadhi nakala kwanza, kisha kuweka toleo jipya, na wiki iliyopita alifanya yote mawili kabla mimi sijapata habari kwamba toleo limetoka.